Marekani: iogopwe au iheshimiwe?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Jana kijiweni kwetu ubishi ulianza na picha ya manowari kwenye simu ya mmoja wetu. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, akasema: "Dunia haimheshimu mtu, inamuogopa. Siku Marekani ikiacha kuogopwa, imekwisha." Nilibisha, lakini pale anayepaza sauti ndiye mshindi. Nimekuja huku niseme kwa utulivu.

Woga unamfanya mtu atii leo. Kesho atatii au atagoma kutegemea na yaliyompata mwenzake aliyetii kabla yake. Kwamba Marekani ina fimbo, hilo halina ubishi. Mimi nauliza: aliyeweka silaha chini kwa kuiogopa fimbo hiyo, alifanyiwa nini baadaye?

Tarehe 13 Desemba 2003 Saddam Hussein alitolewa shimoni na wanajeshi wa Marekani karibu na Tikrit, Iraq, ndevu zimemjaa, daktari anammulika kinywani. Dunia nzima iliiona ile picha. Siku 6 baadaye, Gaddafi akatangaza kwamba Libya inaachana na mpango wake wa nyuklia na silaha za kemikali. Mashine za kurutubisha urani zikapakiwa ndegeni hadi Tennessee. (Mazungumzo yalikuwa yameanza miezi kadhaa kabla, na vikwazo vilikuwa vimemchosha. Ila tumpe mzee wa kijiweni haki yake, woga ulikuwepo.) Vikwazo vikaondolewa, wakubwa wa Magharibi wakaenda kupiga naye picha hemani kwake. Machi 2011 ndege za Marekani na washirika wake wa NATO zikaanza kumpiga. Oktoba 20 mwaka huohuo alikutwa amejificha kwenye kalavati huko Sirte, akaburutwa nje, akauawa.

Simtetei, alikuwa anaua watu wake. Lakini habari ile ilisomwa kwa makini sana Pyongyang. Mwaka 2018 John Bolton, mshauri wa usalama wa Trump, alipotaja "mfano wa Libya", Korea Kaskazini ilikuja juu mpaka mkutano wa Trump na Kim huko Singapore ukakaribia kuvunjika. Na Mei mwaka huohuo Marekani ikajitoa kwenye mkataba wa nyuklia na Iran wa 2015, wakati wakaguzi wa kimataifa walikuwa wanasema Iran inautekeleza. Ungekuwa wewe ndiye Kim, ungekabidhi bomu lako?

Kwangu mimi heshima ndiyo hiyo: neno likitoka, linashikika. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Mbona umeiruka Cuba? Oktoba 1962 Khrushchev, mkubwa wa Urusi ya Kisovieti, aliondoa makombora yake ya nyuklia kule kwa sababu ya heshima? Aliona meli za kivita za Marekani zimezingira kisiwa na ndege zenye mabomu ya nyuklia ziko angani, akafunga virago. Ule ni woga, na ulituokoa sote.

Halafu hiyo heshima ya misaada tumeiona matunda yake. Machi 2, 2022, Umoja wa Mataifa unapiga kura kuilaani Urusi kwa kuivamia Ukraine. Tanzania haikuunga mkono wala haikupinga. Uganda hivyohivyo, Burundi hivyohivyo. Dawa za UKIMWI za msaada wa Marekani tunameza, kura tunakaa nayo mfukoni. Mmarekani wa kawaida anayelipa kodi akiuliza amepata nini, mtamjibu nini?

Mtoa mada

Cuba sikuiruka, niliiwekea akiba. Rais Kennedy aliahidi kutoivamia Cuba, na kwa siri akakubali kuondoa makombora ya nyuklia ya Marekani, yale ya Jupiter, yaliyokuwa Uturuki. Yakaondolewa kweli mwaka uliofuata. Khrushchev aliogopa, nakubali, lakini aliondoka na kitu mkononi na alichoahidiwa alikipata. Wamarekani wenyewe walifichwa sehemu hiyo kwa miaka mingi, ndiyo maana simulizi iliyobaki ni ya meli tu. Theodore Roosevelt alipenda methali aliyosema ni ya Afrika Magharibi: sema kwa upole, fimbo kubwa iwe mkononi. Siku hizi watu wanakumbuka fimbo tu.

Mchangiaji wa pili

Mimi naongea kwa niliyoyaona. Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa nne na nusu na ushei asubuhi, nilikuwa nyuma ya kaunta kwenye duka la baba, Kinondoni. Kwanza chupa za soda zikagongana kwenye kreti. Ndipo mlio ukafika. Baba alidhani transfoma ya umeme. Tulipotoka tukaona moshi upande wa barabara ya Laibon, kwenye ubalozi wa Marekani. Al-Qaeda walikuwa wameulipua, pamoja na ule wa Nairobi. Waliokufa Dar ni 11, hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Nairobi 213, Wamarekani 12.

Siku 13 baadaye Clinton akarusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Akasema kinahusika na silaha za kemikali, ushahidi wake unabishaniwa hadi leo. Wale aliotaka kuwatisha walitishika? Oktoba 2000 wakaipiga manowari ya Marekani USS Cole pale Aden, Yemen, mabaharia 17 wakafa. Mwaka uliofuata ndiyo ile Septemba. Mtu aliyeamua kufa humtishi kwa kifo. Aliyebaki na woga ni mfamasia wa Khartoum.

Mchangiaji wa tatu

Vijana, shikamoo mnapaswa kunipa, lakini tuendelee. Januari 1965 Mwalimu aliwafukuza Wamarekani wawili, mmoja afisa wa ubalozi Dar, mwingine Frank Carlucci aliyekuwa konseli Zanzibar na baadaye akawa waziri wa ulinzi kwao. Inasimuliwa kwamba walinaswa kwenye simu wakisema wanahitaji "risasi" zaidi, wenyewe wakimaanisha hoja za kuishawishi Washington itume salamu za pongezi za Mapinduzi. Serikali ilisikia risasi, na tulikuwa nchi changa, tungesikia nini kingine? Mabalozi wakaitwa makwao. Hatukupiga magoti.

Miaka ya sabini ukame ukatupiga na mahindi ya njano ya Marekani yakaja. Ule ugali tuliuita Yanga kwa rangi yake, na hata sisi wa Simba tuliula. Nani alimheshimu nani pale, sijui. Ninachokumbuka ni foleni na harufu ya magunia.

Machi 2016 vilevile. Bodi ya mfuko wao wa Changamoto za Milenia ikasitisha dola milioni 472 za umeme, kisa uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Uchaguzi ulibaki ulivyo, sheria ikabaki ilivyo. Waliokosa ni waliokuwa wanangoja nguzo kijijini. Wewe wa kura mfukoni, hiyo ilikuwa fimbo. Ilimpata nani?

Mchangiaji wa kwanza

Shikamoo mzee. Lakini fimbo ya dola si fimbo ya manowari. Tulinyimwa pesa, hatukuzingirwa. Msichanganye.

Mtoa mada

Marahaba ya mzee itakuja akimaliza kahawa. Hapo pa pesa na manowari umenibana kidogo, nakubali ni vitu viwili. Ila Gaddafi alionja vyote, vikwazo akasalimu amri, kisha mabomu, na bado sijaona aliyenijibu kuhusu lile kalavati.