Mirija ya uzazi imeziba: kukandwa, mafuta ya nyonyo au sindano za Kichina?

Subira_31
Habari zenu wapendwa. Ndoa ina mwaka wa nne, mtoto hakuna. Mwezi uliopita nimepiga HSG, ile picha ya eksirei ya kizazi na mirija, naambiwa mirija yote miwili imeziba. Daktari ametaja upasuaji wa matundu madogo au kupandikiza mimba (IVF). Hela ya kupandikiza hatuna, na kisu nakiogopa. Nimeshauriwa mambo matatu: kukandwa tumbo na mama mmoja wa Tanga, kujifunga kitambaa chenye mafuta ya nyonyo, na akyupancha, yaani hizo sindano za Kichina. Aliyejaribu anilinganishie kwa ukweli. Wauza dawa msije PM, nimeshachoka nanyi.

Mama_Kipusa
Pole shoga. Mimi nilikandwa Pangani siku saba, asubuhi kabla sijala. Bibi anapasha mafuta ya nazi, anaanza ubavuni anasukuma kuelekea kitovuni, kisha anashika juu ya kinena na kuinua kama anakanda donge la chapati. Akasema ni chango. Hedhi iliyofuata haikuniuma, kitu ambacho sikukijua tangu nivunje ungo. Miezi mitano baadaye nikashika mimba. Ila niseme ukweli: mimi ulikuwa umeziba mmoja tu. Kwa hiyo sijui nimshukuru bibi au ule mrija mzima.

Muuguzi_wa_Zamu
Mama Kipusa, hilo la mwisho wengi hulificha.

Dada Subira, karatasi yako inasema imeziba wapi? Mrija una urefu wa sentimita 10 hadi 12, na pale unapoingia kwenye kizazi tundu lake ni kama milimita moja. Hapo misuli huweza kubana tu wakati wa kipimo, picha ikaonyesha umeziba kumbe mzima. Naamini wengi wanaosema "dawa ilinifungua" wako kundi hili. Ukiziba kule mwisho, upande wa ovari, ukajaa maji, hiyo ni habari nyingine. Ni makovu ya ndani: klamidia au kisonono kilichopita kimyakimya, maambukizi baada ya mimba kuharibika, TB, hata kidole tumbo kilichopasuka zamani. Mkono ulio juu ya ngozi unalifikiaje kovu hilo? Nyonyo nayo inapasha joto na kutuliza maumivu, basi. Ukiwa na homa, uchafu unaonuka, au ukihisi una mimba, usikandwe kabisa. Na kujifukiza ukeni kunaunguza tu.

Mdadisi
Mkuu, mbona kuna ripoti ya Marekani ya 2015? Waliokandwa na wataalamu, mirija yote ikiwa imeziba, kama asilimia 60 walifunguka angalau mmoja.

Muuguzi_wa_Zamu
Naijua. Walipekua mafaili ya wagonjwa wao wenyewe, na walioandika ndio wanaotoa tiba hiyo. Hakuna kundi la wasiokandwa. Sasa rudi kwenye lile la misuli kubana: ni wangapi wangeonekana wazi hata bila kuguswa?

Zuhura_Muscat
Akyupancha niulizeni mimi, nimechomwa mara 12 huku Muscat. Usingizi ulirudi na roho ikatulia. Picha ya pili, mirija vilevile. Hata kwa wenye vivimbe vingi kwenye ovari, China walijaribu kwa wanawake 1,000, matokeo yakatoka 2017: sindano za kweli hazikuzidi za kuigiza kwa watoto waliozaliwa. Kwa msongo wa mawazo nenda. Kwa mirija, tunza pesa yako.

Nuru_wa_Mbeya
Mimi nilikunywa mizizi miezi minane. Nikapata mimba, nyumbani vigelegele. Wiki ya saba nikaanza kuumwa bega la kulia, nikadhani nimelilalia vibaya. Jioni nikaanguka bafuni. Mimba ilitunga kwenye mrija na ulishapasuka, damu imejaa tumboni. Hakuna aliyeniambia kwamba mrija uliofunguka nusu yai linaweza kukwamia humo. Subira, ukijaribu lolote kisha hedhi ikachelewa, wahi ultrasaundi mapema, usingoje.

Baba_Mtarajiwa
Na mzee amepimwa mbegu? Mke wangu alikandwa mwaka mzima kumbe shida ilikuwa kwangu.

Subira_31
Nuru, pole sana dada yangu. Nimefungua bahasha sasa hivi: wa kulia umeziba mwanzoni, pale kwenye kizazi. Wa kushoto umeziba mwisho na una maji. Mume hajapimwa.

Muuguzi_wa_Zamu
Basi ni kesi mbili ndani ya mtu mmoja. Wa kulia, muulize daktari kama kipimo kinaweza kurudiwa, au wapitishe mpira mwembamba kupitia kizazi kuuzibua. Hiyo haina kisu. Wa kushoto usiuache hivihivi hata mkija kuchanga hela ya kupandikiza, maana yale maji yakivujia kizazini hupunguza nafasi ya mimba kwa karibu nusu. Kwa kawaida huutoa au kuufunga kwanza.

Zuhura_Muscat
Kwa hiyo kuna mrija wa kufunguliwa na wa kufungwa. Hilo muuza dawa hatakuambia.

Subira_31
Mume amekubali, Jumatatu anapeleka mbegu. Tanga nitaenda, ila kumsalimia mama mkwe. Akitaka kunikanda mgongo sitakataa.

Mama_Kipusa
Mgongo ruhusa 😄