Wateja wangu wamechoka na filamu za mashujaa wa Marvel. Jumamosi niweke picha gani?

MwenyeKibanda_Arua
Ndugu zangu, nina kibanda cha video hapa Arua, Uganda, mabenchi 12, kiingilio shilingi 1,000. Black Panther ilipotoka 2018 watu walikaa mpaka sakafuni. Waliposikia kwamba Florence Kasumba, yule aliyecheza Ayo, amezaliwa Kampala, kila akitokea ni makofi, kama binti yao karudi nyumbani. Avengers: Endgame ya 2019 niliionyesha siku nne mfululizo.

Siku hizi nikiweka picha ya mashujaa, nusu saa haiishi, mabenchi ya nyuma matupu. Mzee mmoja muuza mihogo, mteja wangu tangu nilipofungua, aliinuka katikati akaniuliza: "Mwanangu, huyu si alikufa?" Nikamweleza kwamba ndiye, ila huyu ni wa ulimwengu mwingine. Akachukua fimbo yake akaondoka. Imeniuma, maana picha hizi ndizo zilizoninunulia jenereta. Nyie mnaonaje?

DerevaWaKoboko
Kaka, zamani ukiingia kibandani, ndani ya dakika tano stelingi umeshamjua. Endgame ilikuwa filamu ya 22 tangu Iron Man ya 2008, lakini walitupikia polepole, miaka 11. Halafu wakaanza kurundika tamthilia juu ya filamu. The Marvels ya 2023 ina wanawake watatu, na ili uwaelewe wawili ilibidi kwanza uangalie tamthilia za Disney+, ile huduma ya mtandaoni ya kulipia. Hapa Koboko simjui hata mtu mmoja mwenye Disney+. Iliingiza dola milioni 206 hivi, wakati Endgame ilikaribia bilioni 2.8.

DadaWaBombo
Mbona Deadpool & Wolverine ya 2024, nayo ya Marvel, ilipita bilioni 1.3? Watu hawajachoka na mashujaa. Mimi namhurumia VJ, yule anayetusemea filamu kibandani. Kazi yake ilikuwa kutafsiri na kutia chumvi mpaka ukumbi mzima unapiga kelele. Sasa muda wote anaeleza nani ni nani na alitoka picha gani, chumvi atie saa ngapi?

Weka za Wakaliga, kaka, zile filamu za mtaani kule Kampala. Who Killed Captain Alex ya mwongozaji wao Nabwana, ya 2010, bunduki zimeundwa kwa vyuma chakavu, na sauti ya VJ imo ndani ya filamu yenyewe. Wanangu wameiona mara tatu na bado wanaiomba.

MwenyeKibanda_Arua
Dada, hapo kwa Wolverine tutofautiane kidogo. Hugh Jackman anamcheza tangu 2000, watu wangu wamekua naye. Walikuja kumwona mtu wao. Mzee wa mihogo naye ndicho alichokuwa anataka: mtu wa kumjua, na akifa, tumlilie.

Kuhusu VJ umenigusa. Nimempigia wangu, kasema hata yeye koo limechoka na maelezo. Jumamosi saa kumi naweka ya Wakaliga, saa moja usiku ya Kihindi. Kijana nimeshamtuma sokoni kwa mzee.