Timu isiyofungwa yenye ratiba nyepesi: iingie kwenye mtoano wa futiboli ya vyuo Marekani au ibaki nje?

Mkazi_wa_Columbus

Salaam kwenu wanajukwaa. Ningependa tujadili kwa utulivu jambo ambalo kila ifikapo Novemba huwagombanisha wafuasi wa futiboli ya vyuo huku Marekani (mpira wa Kimarekani, si kandanda): timu iliyomaliza msimu bila kufungwa, lakini kwa kucheza na wapinzani wanyonge, inastahili nafasi katika mtoano wa ubingwa wa taifa au haistahili?

Kwa wale wasioufuata mchezo huu kwa karibu, utata wote unatokana na hesabu. Msimu wa 2025 daraja la juu lilikuwa na timu 136, na kila timu hucheza mechi 12 tu kabla ya fainali ya ligi yake, kwa hiyo timu nyingi hazikutani kabisa, wala hakuna jedwali moja la pointi la kuzipanga zote. Kazi hiyo hufanywa na kamati ya uteuzi inayokutana Grapevine, Texas, na kuorodhesha timu 25 bora kwa maoni yake. Tangu msimu wa 2014 hadi wa 2023 nafasi za mtoano zilikuwa nne. Misimu ya 2024 na 2025 zilikuwa 12: tano zilipewa mabingwa wa ligi waliokuwa juu zaidi katika orodha ya kamati, na saba zilizobaki zilijazwa na timu nyingine zilizokuwa juu katika orodha hiyo hiyo.

Naona njia tatu za kulinganisha. Ya kwanza ni kuiheshimu rekodi, yaani asiyefungwa aingie bila mjadala. Ya pili ni kupima nani kacheza na nani, na kumwacha nje aliyepita njia ya mteremko. Ya tatu ni utaratibu huo wa nafasi 12, ambao kivitendo humhakikishia walau bingwa mmoja wa ligi ndogo (yaani ligi zisizo zile nne kubwa: SEC, Big Ten, Big 12 na ACC) mlango wa kuingilia. Mimi naiunga mkono ya tatu, japo kwa shingo upande. Karibuni.

Mzee_wa_Pwani

Ndugu Mkazi, nakushukuru kwa kuweka mada vizuri. Mimi ni wa njia ya pili na sioni haya kusema hivyo.

Tutazame Liberty ya 2023. Ilishinda mechi zake zote 13, ikatwaa ubingwa wa ligi ya Conference USA, na ratiba yake ilihesabiwa miongoni mwa zile nyepesi kuliko zote katika daraja zima. Ilipokutanishwa na Oregon katika Fiesta Bowl, mojawapo ya mechi kubwa za baada ya msimu, ilifungwa 45 kwa 6. Kabla yake kulikuwa na Hawaii ya 2007, ambayo ilifika Januari ikiwa na ushindi 12 bila doa, kisha Georgia ikaipiga 41 kwa 10. Rekodi safi inatuambia tu kwamba timu imewashinda wale iliokutana nao. Kama hao hawakuwa na uwezo wa kuishinda, basi rekodi hiyo haijatufundisha lolote kuhusu timu yenyewe, na mtoano wa taifa haupaswi kutumika kama mahali pa kufanyia majaribio.

Dada_Orlando

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, umechagua mifano inayokufaa ukaiacha inayokusumbua.

Mimi naishi Orlando, na hapa mwaka 2017 hausahauliki. UCF, timu ya chuo cha hapa, ilimaliza msimu na fainali ya ligi yake bila kufungwa, ushindi 12, lakini kamati ikaiweka nafasi ya 12. Katika nafasi ya 7 ilikuwepo Auburn, ambayo ilikuwa imeshafungwa mara tatu. Auburn hiyo hiyo ndiyo iliyozipiga Georgia na Alabama mnamo Novemba, na Georgia na Alabama ndizo zilizocheza fainali ya taifa. Sasa, tarehe 1 Januari 2018, UCF ikakutana na Auburn katika Peach Bowl na kuishinda 34 kwa 27. Kwa hiyo timu iliyoonekana haijapimwa iliishinda timu iliyowashinda wote wawili waliofika fainali.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalikumbuki. UCF ilikuwa na mechi na Georgia Tech katikati ya Septemba mwaka huo, timu ya ligi kubwa, na mechi hiyo ikafutwa kwa sababu ya kimbunga Irma. Upepo ulipokwisha, mtihani ulikuwa umeondolewa kwenye ratiba, na miezi michache baadaye watu wakawauliza vijana wale kwa nini hawajafanya mitihani ya kutosha! Chuo kiliishia kujitangazia ubingwa chenyewe na kufanya gwaride Disney World. Wengine walicheka, lakini mimi sikucheka.

Mwalimu_wa_Hesabu

Marahaba kwa mjadala. Naona Mzee na Dada wote wawili wanatumia matokeo ya mechi za Januari kuamua kama timu ilistahili mwezi Desemba, na hapo ndipo mantiki inapoteleza. Kustahili kuingia ni swali la kile ulichokwisha kufanya, ilhali kushinda baada ya kuingia ni swali jingine.

Kipigo kikubwa hakithibitishi kwamba aliyepigwa hakustahili kuwepo. Mwaka 2015 Michigan State, bingwa wa Big Ten, ilifungwa na Alabama 38 kwa 0 katika nusu fainali. Mwaka uliofuata Ohio State nayo iliondoka na sifuri mbele ya Clemson, 31 kwa 0. TCU ilifika fainali ya msimu wa 2022 ikitokea Big 12, ikapigwa na Georgia 65 kwa 7. Hakuna aliyesema ligi hizo zifungiwe mlango. Liberty ikipigwa, tunailaumu ligi yake nzima; Ohio State ikipigwa, tunasema siku hiyo haikuwa yao.

Kuhusu kupima ratiba, zipo namna mbili na watu huzichanganya. Namna ya kwanza ni kutazama ubora wa wapinzani peke yake. Namna ya pili, ambayo naiona ya haki zaidi, ni kuuliza: timu nzuri ya kawaida, tuseme ya nafasi ya 20 hivi, ingepewa ratiba hii hii, ingekuwa na uwezekano gani wa kupata matokeo haya haya? Kwa kipimo hicho, kushinda mechi 12 kati ya 12 dhidi ya wapinzani wa wastani kunaweza kuwa kugumu kuliko kushinda tisa kati ya 12 dhidi ya wapinzani wazito, kwa sababu katika mechi 12 ni lazima siku moja mvua inyeshe, mpiga pasi wako aumie, au mpira udunde vibaya. Kabla ya msimu wa 2025 waendeshaji wa mtoano walitangaza kwamba kamati itapewa kipimo cha aina hiyo miongoni mwa zana zake. Kama itakifuata ni suala jingine.

Mtoto_wa_Kisangani

Mwalimu ametusaidia. Naongeza upande ambao haujaguswa, nao ni fedha na mikataba.

Ratiba ya mechi za nje ya ligi husainiwa miaka mingi kabla, mara nyingine miaka kumi, wakati ambapo wachezaji watakaozicheza bado wako shule ya msingi. Chuo kidogo kikitaka kukutana na chuo kikubwa, kwa kawaida hupewa moja ya masharti mawili: ama kije ugenini mara moja, kilipwe fedha, ambazo kwa timu za daraja la juu zinaweza kuzidi dola milioni moja, kisha kirudi kwao, ama mechi mbili zichezwe kwa mkubwa na moja kwa mdogo. Na mdogo akishaonekana ana timu nzuri, simu zake hazipokelewi tena. Mkubwa hana cha kupata: akishinda, anaambiwa ilikuwa ni wajibu wake, akifungwa, msimu umeharibika. Michigan iliialika Appalachian State mwaka 2007, timu ya daraja la chini, ikalipa kwa ajili ya mechi hiyo na bado ikafungwa 34 kwa 32 mbele ya umati wake.

Halafu tuwatazame wakubwa wenyewe. Alabama ilicheza na Chattanooga mnamo Novemba 2023 ikashinda 66 kwa 10, na mwaka uliofuata, mwezi huo huo, ikaialika Mercer ikashinda 52 kwa 7. Hizo ni timu za daraja la chini, na zinaalikwa wakati ligi nyingine ziko kwenye mechi za kufa na kupona. Sijasikia mtu akiita hiyo ratiba nyepesi.

Mzee_wa_Pwani

Mtoto wa Kisangani, hilo la Novemba nakubaliana nawe, ni aibu. Lakini tofauti ipo. Alabama ikimaliza na Mercer, wiki chache kabla au baada inakutana na Georgia, Tennessee, LSU au Auburn.

Chukua Indiana ya 2025. Nje ya ligi ilicheza na Old Dominion, Kennesaw State na Indiana State, ratiba ambayo ingemchekesha yeyote, lakini ligi yake ikaisahihishia kasoro hiyo: iliishinda Oregon ugenini 30 kwa 20, kisha Ohio State 13 kwa 10 katika fainali ya Big Ten. Ndiyo maana ilipopewa nafasi ya kwanza hakuna aliyelalamika, na ikaenda mpaka mwisho kwa mechi 16 bila kufungwa. Bingwa wa ligi ndogo hana Oregon wala Ohio State wa kumpima.

Dada_Orlando

Ndiyo, Mzee, lakini bingwa huyo hakujinyima wapimaji yeye mwenyewe. Cincinnati ya 2021 ilimpata mpimaji mmoja, Notre Dame, ikaenda kumfunga nyumbani kwake South Bend 24 kwa 13, na Notre Dame ikamaliza bila kufungwa na mwingine yeyote katika msimu wa kawaida. Bila mechi ile moja, Cincinnati isingekuwa timu ya kwanza ya ligi ndogo kuingia kwenye mtoano wa timu nne. Hatima ya msimu mzima, na ya wachezaji wa mwaka wa mwisho, ilitegemea mkataba uliosainiwa na watu waliokuwa ofisini miaka kadhaa nyuma.

Mpenda_Kandanda_DSM

Habari zenu. Mimi ni mgeni wa mchezo huu, nimeletwa na mdogo wangu anayesoma huko. Swali langu ni dogo: mbona CAF ilishalimaliza suala hili? Bingwa wa Zanzibar huingia Ligi ya Mabingwa Afrika kila mwaka, ingawa ligi yake haifanani na ya Misri wala Morocco. Hapewi hatua ya makundi, anaanzia raundi ya awali, na akifungwa anarudi nyumbani. Nchi zenye alama nyingi hupewa timu mbili. Hakuna kamati inayokaa hotelini kuamua kama bingwa wa Zanzibar ana mvuto.

Mkazi_wa_Columbus

Karibu sana, ndugu. Huo ndio msingi wa njia ya tatu. Msimu wa 2025 Tulane na James Madison ziliingia zote mbili kama mabingwa wa ligi ndogo, kwa kuwa Duke, bingwa wa ACC, alikuwa na rekodi ya 8 kwa 5 (ushindi nane, vipigo vitano) na kamati ikamweka chini yao. Tulane ilipigwa na Ole Miss 41 kwa 10, James Madison ikafungwa na Oregon 51 kwa 34. Kelele zilikuwa nyingi kwamba Notre Dame yenye 10 kwa 2 imedhulumiwa. Mimi nasema kwamba Notre Dame ilicheza na Miami na Texas A&M, ikafungwa na zote mbili, na hapo nafasi yake ilikuwa imeshatumika.

Mwalimu_wa_Hesabu

Tusisahau pia kwamba ligi kubwa si kinga. Florida State ya 2023 ilikuwa bingwa wa ACC kwa rekodi ya 13 kwa 0, ikaachwa nafasi ya tano kwa sababu mpiga pasi wake, Jordan Travis, alivunjika mguu Novemba, na Alabama iliyofungwa mara moja ikachukuliwa. Travis aliandika hadharani kwamba alitamani angeumia mapema zaidi, ili watu waone timu ilikuwa zaidi ya yeye. Kijana mwenye mguu uliovunjika analazimika kujutia tarehe ya kuumia kwake! Huko ndiko hukumu ya macho inakoishia pale rekodi inapowekwa pembeni.

Mtoto_wa_Kisangani

Basi na mimi niulize lililobaki. Je, ukija msimu ambapo mabingwa wawili wa ligi ndogo hawajafungwa, na mabingwa wote wanne wa ligi kubwa wako juu yao? Kwa utaratibu wa tano na saba, mmoja anaingia na mwingine anaachwa mikononi mwa kamati.

Mzee_wa_Pwani

Hapo hata mimi nitalegeza msimamo. Alabama iliingia mwaka 2025 ikiwa imefungwa mara tatu, mara ya tatu ikiwa ni 28 kwa 7 mbele ya Georgia katika fainali ya SEC, kisha Indiana ikaimaliza 38 kwa 3 pale Rose Bowl. Ikibidi kuchagua kati ya timu ya namna hiyo na bingwa wa pili asiyefungwa, mchukueni asiyefungwa, mradi awe amecheza walau mechi moja ugenini kwa timu ya ligi kubwa na kuishinda. Sharti hilo siliondoi.

Dada_Orlando

Na kama mechi hiyo itafutwa na kimbunga, Mzee?

Mzee_wa_Pwani

Kama imefutwa na kimbunga, binti yangu, nitaihesabu kuwa imechezwa.