Kijana anataka kuingia ngumi za kulipwa Ireland: aanzie Dublin, aende Belfast, au avuke Uingereza?

Baba Idrisa (Dublin 15)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wanaozijua ngumi za huku kwa kuziona, si kwa vipande vya YouTube. Kijana wangu ana miaka 20, kazaliwa hapa hapa Dublin, yuko ridhaa tangu akiwa mdogo, anapigana kilo 71. Juzi kaniletea promota sebuleni na karatasi za mkataba. Maneno matamu: asaini sasa, apewe mapambano saba au manane ya kujengewa rekodi, kisha agombee mkanda wa Celtic, halafu mkanda wa Ireland. Mama yake hakuwakaribisha hata chai, nikajua msimamo wake.

Mimi naona njia nne. Abaki Dublin na leseni ya BUI, yaani Boxing Union of Ireland. Ahamie kambi za Belfast. Avuke kabisa Uingereza kwa mapromota wakubwa. Au abaki ridhaa. Nani kawahi kuzipima hizi? Na huo mkanda wa Ireland una thamani gani hasa, au ni wa kupigia picha tu?

Mkono wa Kushoto (Belfast)

Shikamoo mzee. Miye ni wa Mombasa, niko Belfast mwaka wa kumi na moja, kwa hiyo jua mapema kwamba nitavutia kwangu.

Kwanza ujue kisiwa ni kimoja lakini wasimamizi ni wawili. Jamhuri iko chini ya BUI. Huku Kaskazini tuko chini ya Bodi ya Uingereza, ambayo ina baraza lake la eneo hili. Mkanda wa Ireland ni wa kisiwa kizima, na BUI ndiyo inayoutoa. Mkanda wa Celtic ni wa BUI pia, ni ngazi ya chini yake. Mkanda wa Uingereza, ule wa Lonsdale uliopo tangu 1909, ni wa Bodi. Bondia wa Belfast anaweza kuwania pande zote mbili. Wa Jamhuri hawezi hivi hivi. Barry McGuigan, mtu wa Clones kule Monaghan, ilimbidi achukue uraia wa Uingereza ndipo akaruhusiwa kuugombea, akautwaa 1983. Miaka ile ya vurugu za Kaskazini, mtu wa upande wa kusini kuchukua uraia huo halikuwa jambo dogo, na wapo waliomnunia.

Thamani sasa. Mkanda wa Ireland hauingizi mtu kwenye orodha ya 15 bora ya dunia. Ile mikanda ya kanda ya WBO, WBA na IBF, mashirika ya ngumi ya dunia, ambayo mashabiki tunaicheka, ndiyo inayokupandisha kwenye orodha. Kwa hiyo mabondia wazuri wanauruka mkanda wa nyumbani, na ule wa Ireland unakaa wazi muda mrefu bila mwenyewe. Mimi linaniuma, lakini hesabu ndivyo zilivyo.

Mama Zuhura (Cork)

Nasema kama muuguzi na kama mzazi. Baba Idrisa, kabla ya kuuliza mkanda upi, uliza nani analipia kipimo cha ubongo. Ngumi za kulipwa zina MRI na vipimo vya damu, vya HIV na homa ya ini. Wengine wanakata gharama hizo kwenye malipo ya kwanza ya kijana, naye anagundua siku ya kulipwa.

Na huyo McGuigan mnayemsifu, mwaka 1982 jijini London alipigana na Young Ali wa Nigeria. Yule kijana alianguka, akazimia, hakuamka tena, akafariki miezi kadhaa baadaye. McGuigan nusura aache ngumi. Alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985 kwa kumshinda Eusebio Pedroza kwenye uwanja wa Loftus Road, London, alimtaja Young Ali mbele ya watu wote. Mwafrika aliyekuja ulingoni akiwa mgeni, na jina lake linakumbukwa kupitia ushindi wa mwingine. Mama yake Idrisa anayo sababu ya kuficha chai.

Bukavu Mjini (Limerick)

Mama Zuhura heshima yako, umesema kweli. Ila mie niongezee upande mwingine, maana huku Limerick tumeumia hivi karibuni.

Paddy Donovan wetu, bondia anayenolewa na kocha Andy Lee. Machi 1, 2025 alikwenda Belfast kupigana na Lewis Crocker, pambano la mchujo wa IBF. Alikuwa anaongoza raundi baada ya raundi, ingawa mwamuzi alishamkata pointi mbili kwa kutumia kichwa na kiwiko. Raundi ya nane ikafika mwisho, kengele ikalia, ngumi yake ikatua baada ya kengele, Crocker chini. Mwamuzi akamtoa Donovan kwa kosa hilo. Tulikuwa tumejaa kwa jirani yangu, watu kumi na wanne na televisheni moja, hakuna aliyegusa sahani iliyokuwa mezani.

Wakarudiana Septemba 13 mwaka huo huo, uwanja wa Windsor Park, na safari hii mkanda wa dunia wa IBF wa welter ulikuwa wazi. Waayalandi wawili wanaume kugombea ubingwa wa dunia wao kwa wao, haikuwahi kutokea. Donovan alidondoka mara mbili, Crocker akashinda kwa majaji waliogawanyika. Tumelia, lakini angalia: wote wawili ni wa kisiwa hiki, na waligombania dunia nyumbani. Pambano la kijirani ndilo lililowalipa. Mkanda ulikuja baadaye.

Mkono wa Kushoto

Kaka, kengele ni kengele 😄

Bukavu Mjini

Na kuongoza nako ni kuongoza. Tusirudi huko.

Ulingo wa Keko (Dar es Salaam)

Mimi niko nyumbani, nimepigana kidogo zamani nikaacha kwa sababu ya mkono. Kuhusu kuvuka Uingereza, sikilizeni kisa cha kwetu. Francis Cheka wa Morogoro alisafiri hadi Manchester Septemba 2008, akapoteza kwa pointi kwa Matthew Macklin. Huyo Macklin kazaliwa Birmingham kwa wazazi wa Kiayalandi, na mwaka 2005 alikuwa ameshatwaa mkanda wa Ireland wa uzito wa kati. Kwa hiyo mkanda wa Ireland si wa waliozaliwa ndani ya kisiwa tu, na kwake ulikuwa ngazi.

Lakini tazama kona. Cheka alikuwa bingwa kwetu, kule aliletwa kama mgeni wa kumjenga mwenye nyumba. Hassan Mwakinyo, naye Mtanzania, alipelekwa Birmingham 2018 kwa kazi hiyo hiyo, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, watu wakashika vichwa. Hiyo hutokea mara moja moja. Kijana asiye na jina wala tiketi za kuuza akivuka Uingereza, atawekwa kona ya wageni na atazoea kupoteza kwa pointi. Abaki palipo na watu wake.

Glavu Kuukuu (Dublin)

Watu wake ndio hasa suala. Nimefanya kazi ya kona kwenye ukumbi mdogo hapa Dublin kwa miaka kadhaa, nawaambia nilichokiona.

Bondia wa nyumbani ndiye muuza tiketi. Anapewa rundo, anaziuza kwa binamu, kwa wenzake wa kazini, kwa kinyozi. Mpinzani anatoka mbali, mara nyingi ni Mnicaragua anayeishi Hispania au mtu wa Ulaya Mashariki, na nauli yake, hoteli yake na malipo yake vinatoka kwenye hizo tiketi. Kinachobaki ndicho cha bondia. Usiku mmoja nilikuwa namfunga bandeji kijana wa uzito wa welter. Mkono wa kushoto umeshafungwa, mkaguzi ameshausaini kwa kalamu nyeusi juu ya plasta. Mkono wa kulia bado uko huru, na kijana anautumia kuhesabu noti za yuro ishirini ishirini ndani ya bahasha, simu ameibana begani, anamwambia shangazi yake tiketi zake ziko mlangoni. Nikamwambia, bwana, una pambano baada ya dakika arobaini. Akaniambia, nimepungukiwa tiketi nane, nikishindwa kuzilipa leo napigana bure. Alishinda 40-36, mwamuzi mwenyewe ndiye aliyehesabu pointi kama ilivyo desturi kwenye mapambano mafupi. Nyumbani alirudi na pesa ya kununulia viatu.

Kwa hiyo Baba Idrisa, swali la promota wako ni moja: mwanao ana uwezo wa kuuza tiketi ngapi? Mkanda wa Celtic anaotajiwa ni wa kuvutia wanunuzi, na sisemi kwa dharau. Usiku ambao bingwa wetu Katie Taylor alilipa kisasi kwa Chantelle Cameron, Novemba 25, 2023 kwenye ukumbi wa 3Arena hapa Dublin, Emmet Brennan na Jamie Morrissey waligombea mkanda wa Celtic chini yake. Brennan ni wa Dublin aliyefika Olimpiki ya Tokyo, Morrissey wa Limerick, na kelele za mashabiki wao zilikuwa za kweli. Mkanda wa nyumbani unakuwa na uzito pale pembe zote mbili zina watu wao. Ukigombewa na mtu mmoja wa hapa na mgeni asiyejulikana, ni bati tu lenye ngozi.

Mkono wa Kushoto

Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Wazee wa Belfast hadi leo wanaongelea Oktoba 20, 1962, King's Hall, Freddie Gilroy na Johnny Caldwell. Wote wa Belfast, wote walirudi na shaba kutoka Olimpiki ya Melbourne 1956, wakagombea ubingwa wa Uingereza na Jumuiya ya Madola wa uzito wa bantam. Caldwell jicho likachanika, ikaishia raundi ya tisa. Marudiano hayakuwahi kuja, Gilroy hakupanda tena ulingoni. Kuna mzee kwenye baa ya mtaani kwetu bado anabishana kuhusu lile jicho.

Na sasa niseme kuhusu Dublin bila kuumiza mtu. Februari 5, 2016, watu wenye silaha waliingia kwenye upimaji uzito Regency Hotel, mtu mmoja akauawa, shoo ikafutwa. Baada ya hapo ngumi za kulipwa Dublin zilinywea, gharama za ulinzi zikapanda, mapambano yakahamia kwetu. Katie Taylor, mtoto wa Bray, aliingia ngumi za kulipwa mwishoni mwa 2016 na hakupigana nyumbani hadi Mei 2023. Bingwa mkubwa namna ile! Uwanja mkubwa wa Croke Park, alipopigana Muhammad Ali 1972, yeye mwaka ule hakuupata, gharama zilikataa.

Glavu Kuukuu

Ni kweli, lakini Dublin inarudi. Callum Walsh wa Cobh alijaza watu 3Arena Septemba 2024. Na National Stadium ipo palepale South Circular Road tangu 1939, ilijengwa kwa ajili ya ngumi. Ukikaa safu ya tatu unasikia kona ikitukana.

Mama Zuhura

Na sisi wa Cork msitusahau, Steve Collins alimpiga Chris Eubank Millstreet mwaka 1995. Kile ni kijiji, na ukumbi wenyewe ni wa farasi 😂

Turudi kwa kijana. Njia ya nne mbona hakuna aliyeigusa? Kellie Harrington wa Dublin ana dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo na ya Paris, hakuwahi kuingia ngumi za kulipwa, na alibaki na kazi yake ya usafi hospitalini. Ridhaa yenye ruzuku ya Sport Ireland, shirika la serikali la michezo, haimlazimishi mtu kuuzia shangazi tiketi.

Baba Idrisa

Nimesoma yote, mara mbili, na mengine nimemsomea mama yake. Aliposikia habari ya bahasha alicheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jana nimempigia promota nikamuuliza maswali matatu: nani analipa MRI, kijana akiuza tiketi thelathini tu inakuwaje, na mkataba ni wa miaka mingapi. La kwanza akasema "tutaangalia". La pili akasema kila bondia ana familia. La tatu miaka mitano. Nikamwambia asante.

Nimekaa na Idrisa. Tumekubaliana acheze kwanza ubingwa wa taifa wa ridhaa wa wakubwa, mle mle National Stadium. Akifika fainali atakuwa na jina, na mwenye jina haambiwi "tutaangalia". Akitolewa mapema, tutaongea na kambi ya Belfast, maana ni saa mbili kwa gari na hatahitaji kuhama kazi. Uingereza nimeifuta kwa sasa, Keko umenishawishi. Mkanda wa Ireland sijaufuta. Kijana mwenyewe anautaka kuliko ile ya herufi tatu, anasema ndio ambao watoto aliosoma nao wataujua.

Glavu Kuukuu

Miaka mitano kwa bondia asiye na pambano hata moja! Umefanya vizuri. Mlete jumamosi gym, nimuone mkono wa kushoto.

Mkono wa Kushoto

Mwezi ujao kuna shoo huku Belfast, mje muone wenyewe kabla ya kuamua. Kitanda cha sebuleni kipo, mzee.

Bukavu Mjini

Natokea Limerick napita Dublin, gari lina nafasi mbili. Mafuta tunachanga, na habari ya kengele marufuku ndani ya gari.