Tupeane uzoefu: Bonneville T120 na Yamaha XS650 kwenye barabara zetu za Uganda

Wandugu wa silinda mbili, hamjambo. Hapa kwetu ukitaja pikipiki watu wanaona Boxer ya boda, silinda moja, spea kila kona. Wenye mashine hizi za zamani tuko wachache na kila mtu anahangaika kivyake. Aliyeendesha Triumph Bonneville T120 au Yamaha XS650 atueleze yaliyomkuta njiani.

Naanza mimi, Kampala. Ninayo XS650. Yamaha waliitoa mwishoni mwa 1969, cc 653, na tangu 1972 ina stata ya umeme. Nati zote ni za milimita, kwa hiyo spana zilezile za fundi wa boda zinaifungua. Bearing nasoma namba yake, naenda soko la spea la Kisekka na namba hiyo mkononi. Bushi za swing'aamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, za kiwandani ni za plastiki. Zikilika, nyuma inayumba kwenye kona. Zangu nilikerezewa za shaba kwa mafundi wa Katwe, hapa Kampala, na sasa inakaa njiani vizuri. Kwa safari ndefu mimi ni wa Yamaha, sifichi.

JINJA: Kaka, heshima kwako, lakini hujapanda Bonneville. Yangu ya 1967 niliachiwa na marehemu mjomba. Asubuhi unafungua petroli, unabonyeza kidude cha kila kabureta ya Amal mpaka kidole kilowe, unapiga kiki moja ya nguvu. Pistoni zote mbili zinapanda na kushuka pamoja, hata Yamaha ni hivyo, ila hii inasafiri milimita 82 na yako 74. Ndiyo maana inavuta kutoka chini. Ndani ya msitu wa Mabira, kwenye vile vilima, sina haja ya kushusha gia.

Shida ni mafundi wasioijua. Nati nyingi ni za vipimo vya Uingereza: spana 13 haiingii, 14 inacheza. Kuna gereji waliilazimisha 14 wakanilia pembe zote za nati. Tena ya mwaka huo, chanya ya betri ndiyo inafungwa kwenye fremu. Fundi akiifunga kama ya boda, anaunguza rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa kuchaji betri. Mimi nimeandika kwa rangi nyeupe chini ya kiti: CHANYA KWENYE FREMU. Na ukimwazima mtu, mwambie kabla hajaondoka kwamba gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko kushoto!

KABALE: Tulipanda huku mimi na XS, rafiki na Bonneville. Kabale iko juu, karibu mita 2,000, hewa nyepesi. Plagi za Bonneville zikawa nyeusi tii, moshi mweusi, mlimani inakohoa. Tulifungua kabureta tukapandisha klipu ya sindano inayopima petroli ngazi moja, sindano ikashuka, petroli ikapungua, ikatulia. XS yangu haikuhitaji kuguswa, maana kabureta zake za Mikuni zina mpira ndani unaojirekebisha kwa kiasi. Lakini mpira huo ukitoboka, silinda hiyo haivuti, na huku hauupati. Agiza wa akiba mapema.

GULU: Mimi ni fundi, sina upande. Wa Bonneville, ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, oili ya kwenye tanki yake ya oili huteremka taratibu ikajaa chini ya krenki, ndani ya injini. Msiipige kiki hivyohivyo. Fungua nati ya chini ya injini, toa oili hiyo, irudishe kwenye tanki. Ukiona tanki imepungua usiongeze kwanza, utaizidisha. Na nyote wawili, cheni yenu ni 530, ya boda ni 428. Tairi ya nyuma ni inchi 18, ya Boxer ni 17. Msidanganywe dukani kwamba zinaingiliana.

JINJA: Asante sana fundi. Na gasketi ya kichwa je? Yangu ni ya shaba nyekundu, nimeifungua juzi, na mpya siipati.

GULU: Usiitupe mzee wangu. Ikague kama haijapasuka wala kuungua ukingoni. Itundike kwa waya, ichome moto sawasawa mpaka iwive nyekundu, uitumbukize kwenye maji. Inarudi laini. Isugue taratibu itoke ule weusi, uifunge, na ukishaiendesha kidogo, iache ipoe kabisa ndipo ukaze tena nati za kichwa.