Kisamvu bila karanga

Mama Neema: Wapendwa, mwanangu ana aleji ya karanga, akionja tu midomo inavimba. Lakini kisamvu cha karanga anakililia! Niweke nini badala yake?

Bi Mkubwa, Tanga: Pole mwanangu. Weka tui la nazi. Kisamvu kikishaiva kwa tui jepesi, malizia na tui zito, moto mdogo, ukikoroga lisikatike. Mimi naona ni kitamu kuliko cha karanga.

Baba Juma: Mbegu za maboga pia, zikaange uzitwange. Ila tafadhali, kinu chako mwenyewe! Mashine ya mtaani inasaga karanga hiyohiyo, na mabaki kidogo yanatosha kumdhuru mtoto.

Mama Neema: Mashine sikuiwaza kabisa. Jumapili napika cha nazi. Asanteni sana.