MJADALA: Utitiri wa nyuki umeingia Pangani, tuweke dawa au tuwaache?

Mrina_Mikokoni: Wakuu, kikundi chetu kimegawanyika. Tumefungua majana ya madume (watoto wa nyuki dume kwenye masega) tukakuta utitiri, vidude vyekundu bapa kama kaa mdogo. Kuna muuzaji ana vipande vya dawa vya kuning'iniza kwenye mzinga. Tununue?

Fundi_Sanduku: Nunueni upesi! Huyo utitiri, varoa kwa jina lake, ndiye kawatia hasara wafugaji wa Ulaya na Marekani, na hapa nchini yupo tangu 2009 kama sikosei. Ila mtasubiri tu. Watu wa Tanga kwa kulala hamjambo, hata nyuki wenu wakiguswa kidogo wanahama.

BintiChumbageni: Nani kalala? Mkonge wa Tanga uliilisha nchi hii nzima.

Fundi_Sanduku: Na aliyeukata nani? Manamba kutoka bara. Nyie mlikuwa barazani na kahawa.

BintiChumbageni: Futa hiyo kauli.

Babu_Handeni: Jamani, huko kuhama mnakokucheka ndiyo kinga yenyewe. Utitiri unazaa ndani ya jana lililokwisha kufunikwa kwa nta. Nyuki wakihama, majana yanabaki na sehemu kubwa ya wadudu inabaki nayo. Dume hukaa ndani ya kifuniko siku nyingi kuliko kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, ndiyo maana Mrina kaukuta kwa madume. Tena vibarua hunusa jana lenye mdudu, wakafumua kifuniko na kulitupa nje. Wengine wanaung'ata utitiri miguu hadi unaanguka.

BintiChumbageni: Shikamoo babu. Umesema vyema, ila huyu kwanza afute "kulala".

Babu_Handeni: Marahaba mjukuu wangu.

Fundi_Sanduku: Babu, nyuki wakihama mimi nauza nini? Kinga gani hiyo inayomwachia mfugaji sanduku tupu?

Nta_Safi: Hapo Fundi ana hoja, sema dawa nazo zina yake. Baadhi zinajikusanya kwenye nta. Na huko Ulaya utitiri ulishazizoea, dawa ya fluvalineti ilianza kushindwa miaka ya tisini. Halafu ukitibu kila mzinga, hata kundi dhaifu linabaki kuzaa. Utajuaje lipi lina kinga?

Fundi_Sanduku: Nta_Safi nawe ni wa Tanga?

Nta_Safi: Korogwe. Kwa nini?

Fundi_Sanduku: Nilijua tu.

Mrina_Mikokoni: Wakuu, muuzaji anarudi Jumatatu. Mizinga yenyewe bado ina nyuki wengi, asali inaendelea kuingia.

Babu_Handeni: Kama kundi lina nguvu, pesa yenu wekeni mfukoni. Rineni, muwaachie masega ya majana, msikate yote.

BintiChumbageni: Na hao manamba wengine walitoka Burundi na Msumbiji, siyo kwenu peke yake. Soma historia.

Fundi_Sanduku: Kwa hiyo unakubali hamkukata nyie?